Saa ya Tandala, Saa ya Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza na maji baridi kunimwagikia mgongoni. Nilikuwa nimeinama kwenye mchanga wa mto mkavu. Mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea mzigo, ulikuwa kwenye paji la uso, mtungi wa plastiki wa lita ishirini umekaa mgongoni, na nilikuwa karibu kusimama. Nikasikia kama mtu amepiga mtungi kofi. Maji yakaanza kuteremka mpaka kiunoni. Nikafikiri ni kifuniko. Nikasema, "Mama mdogo, hebu nifungie hiki kifuniko, kimefunguka." Mama mdogo Syombua aliangalia nyuma yangu, mdomo wazi. Nikataka kunyoosha mkono wa kulia nijifungie mwenyewe, mkono ukakataa.

Ulikuwa mshale. Ulikuwa umeingia mtungi upande mmoja na kutokea upande wa pili, na ncha yake ikawa imezama chini ya bega langu. Jua lilikuwa halijatoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nimeanza na hapo kwa sababu umeniuliza saa nzuri ya kuwinda tandala, na wewe ni kijana, unaweza kuchoka kabla sijafika. Sasa turudi nyuma polepole. Wazee husema ulimi hauna mfupa, na ulimi wa kwanza katika mambo haya ulikuwa wangu mimi, Kalekye.

Sisi ni watu wa kusini mwa Kitui, ukipita Mutomo na kuendelea mpaka uone nyumba zimeanza kuchoka. Mwaka ule mvua ya mwezi wa kumi na moja haikufika, na ya mwezi wa nne ilipita juu ikienda kwa wengine. Maji yalikuwa mtoni, lakini chini ya mchanga. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na jioni tulilifunika kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilichafue. Usiku maji yalijikusanya. Anayefika kwanza asubuhi anapata maji meupe. Anayefika mwisho anapata matope na maneno. Mimi nilikuwa wa kwanza siku nyingi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona nyayo. Kwato ndogo, zimechongoka, na miiba imesukumwa kando. Tandala walikuwa wanakunywa kwetu.

Nililelewa na babu yangu, Nzioki. Kikwetu babu ni Umau, na mimi sikuwahi kumwita jina lingine. Alikuwa mwindaji zamani. Serikali ilipokataza, alitundika upinde wake juu ya moto jikoni, ukawa mweusi kwa moshi, na hakuugusa tena. Lakini vijana walikuja kumuuliza mambo ya kuwinda, maana njaa haijui sheria. Mmoja wao alikuwa Kimanthi, mtoto wa Mzee Ndunda wa ng'ambo ya mto. Nalitaja jina lake wazi. Wenzangu wananiambia, "Kalekye, sema tu 'kijana fulani'." Fulani hana upinde. Kimanthi alikuwa nao.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mrefu, mcheshi, analenga vizuri kuliko wote wa rika lake. Siku moja aliketi na Umau nje ya jiko, mimi nachambua kunde.

"Umau, tandala anapatikana saa ngapi?"

"Saa sita ya mchana."

Kimanthi akacheka. "Saa sita? Saa sita hata nzi amelala, Umau!"

"Na tandala pia. Asubuhi na jioni anatembea, masikio yake ni makubwa kuliko akili yako. Saa sita amesimama ndani ya kichaka anacheua, mkia tu ndio unapiga nzi. Kivuli chako kiko chini ya mguu, hakikutangulii kumwambia unakuja. Unaona pembe. Unaona kama ni dume ama ni mama ana mimba. Na ukimpiga, una nusu siku ya kumfuata polepole kabla fisi hajaamka."

"Mimi nitembee na jua lote hilo la nini, na alfajiri anakuja mwenyewe kwa maji?"

"Maji gani?"

"Si haya ya mtoni."

Umau aliacha kutafuna kijiti chake. "Yale ni maji ya watu, Kimanthi. Tandala anaazima tu. Pale hapawindwi. Mshale ukikosa mnyama pale, unatafuta mtu."

"Umau, jua limekupiga kichwa miaka mingi."

"Limenipiga na bado naona. Wewe unaona vizuri, halafu unaenda kuwinda wakati huoni."

Sote tukacheka. Mjukuu kumtania babu si kosa kwetu, na Kimanthi alikuwa rika la wajukuu wake. Lakini mimi nilicheka upande wa Kimanthi. Mwanangu, nimejuta mambo mengi katika maisha haya, na kicheko kile kimo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mwingine.

Kesho yake alinikuta njiani nikitoka kuokota kuni. Akabeba nusu ya kuni zangu, kitu ambacho vijana wa kwetu hawafanyi. Akaniita Kalekye wakwa, yaani Kalekye wangu. Hakuna mtu alikuwa ameniita wake kabla ya siku ile.

"Wewe ndiye wa kwanza mtoni," akasema. "Anakuja saa ngapi?"

"Kabla ndege hajalia. Nikifika, nyayo bado ziko na maji ndani."

"Shimo gani?"

"Letu. Na la kina Syombua, hapo kando."

Akasema, "Kesho usiende mapema. Ngoja jua. Na usiambie mtu hata mmoja, askari wa wanyama wana masikio mpaka kwa wamama wa maji. Nitamletea Umau paja zima."

Umau alikuwa hajaonja nyama tangu mavuno yale mabaya. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na jioni alinisukumia sahani yake akisema ameshiba. Nilimwona akilini akinyonya mfupa. Nikasema sawa. Nikaapa.

Alfajiri ile nililala macho. Nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba, kwenye njia ya mtoni. Kilikuwa cha mama mdogo Syombua, mke wa ndugu mdogo wa baba yangu. Mtoto wake alikuwa ameharisha siku mbili, kwa hiyo alitaka maji kabla ya wote. Nilimjua kwa kikohozi chake kama ninavyojua jina langu.

Hapo, mwanangu, ndipo ningefungua mlango na kupiga kelele: "Syombua, rudi! Kimanthi yuko mtoni na upinde!" Ningeamsha kijiji, Kimanthi angenichukia, Umau angekosa nyama, na hakuna damu ambayo ingemwagika. Badala yake nilichukua mtungi, ili nionekane naenda maji kama siku zote, nikakimbia kimya kimya.

Nilimkuta amepiga magoti, anachota kwa kibuyu.

"Wee Kalekye, leo umelala kwa nani hata unakuja ukihema?"

"Harakisha, mama mdogo. Twende."

"Unafukuzwa na nini?"

"Hakuna."

Neno moja tu. Akaniangalia, akaendelea kuchota. Nikaona njia ya kumwondoa ni kumsaidia, na nijaze mtungi wangu pia, maana asingekubali kuniacha pale na mtungi mtupu, angeanza maswali. Tukajaza. Nikavaa mukwa, nikainama. Mtu aliyeinama na mzigo mgongoni, kichwa chini, kwenye mwanga ule wa kijivu, anafanana na mnyama anayekunywa. Simtetei Kimanthi. Nakueleza jinsi macho ya alfajiri yanavyodanganya mtu ambaye tayari anajua anachotaka kuona.

Syombua alipopata sauti alilia kilio cha mtu, si kilio unachoweza kufikiri ni cha ndege. Mimi pia nililia. Na katikati ya kile kilio tulisikia miguu kwenye kokoto za ukingo. Mtu alikuwa anakimbia. Alikimbia kwenda, hakukimbia kuja.

Umau alifika kabla ya wengine, mzee yule, shuka moja na kisu mkononi. Mishale ya kwetu ilipakwa sumu kwenye shingo ya chuma, nyuma kidogo ya ncha, na sumu ile ikiingia mwilini moyo huanza kukimbia, halafu husimama. Alipasua mtungi kwa kisu ili uachane na mgongo wangu. Sumu ilikuwa imebaki ndani ya mtungi, nyeusi, ikichuruzika na maji. Iliyoingia ndani yangu ilikuwa ncha tu, kama nusu ya kidole. Alimkataza Syombua kugusa yale maji. Akaitoa ncha. Halafu akanipakata pale mchangani, mimi mkubwa vile, akaweka sikio mgongoni mwangu na kusikiliza moyo. Watu wakaja, wakasema tumbebe. Akasema, "Nyamazeni, nasikiliza." Jua likatoka, likapanda, yeye bado anasikiliza. Mwishowe akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto mchanga, "Unatembea. Haukimbii. Unatembea vizuri."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Sijawahi tena kusikilizwa vile.

Sasa kuhusu mshale. Zamani kila mwanamume alichonga alama yake kwenye mti wa mshale, ili wawili wakipiga mnyama mmoja kusiwe na ugomvi wa nyama. Umau aliokota ule mti akaugeuza mara moja tu. Alama mbili za mviringo, hizo za nyumba ya Ndunda. Mkato mmoja wa mshazari, huo wa Kimanthi. Hakuna aliyebisha, maana kila mtu pale aliijua.

Kabla ya mchana wazee walikaa kwetu. Kimanthi hakuwepo. Alikuwa tayari amepelekwa kwa mjomba wake aliyekaa mji wa Kikima, huko Mbooni, na alikaa huko miaka. Mzee Ndunda ndiye aliyesimama.

"Mshale ni wa kwetu," akasema. "Lakini mshale unaweza kuokotwa na mtu yeyote."

"Uliokotwa na nani?" Umau akauliza.

"Nzioki, sikiliza. Tukisema mshale, askari wataingia kila nyumba. Vijana wetu watafungwa, wa kwako na wa kwangu. Msichana yuko hai. Aseme alianguka juu ya jembe."

"Syombua alisikia mtu akikimbia."

"Syombua alikuwa analia. Anayelia anasikia nini?"

Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Wote wameshakufa, nimewaachia Mungu. Umau peke yake alikataa. Lakini gari la pekee la kunifikisha hospitali lilikuwa pikapu ya ndugu yake Ndunda, na Ndunda alisema gari litatoka tukikubaliana. Umau aliniangalia, nimelala kwenye mkeka, vidole vya mkono wa kulia havisikii. Akaangalia ile pikapu. Halafu akasema, "Jembe." Aliuza neno lake kwa ajili ya bega langu, yeye ambaye hakuwahi kudanganya hata mnyama. Na Ndunda akachukua mti wa mshale mkononi mwake, akaondoka nao, na sijauona tena.

Hospitali daktari aliniuliza mara tatu. "Jembe gani lina ncha namna hii?" Nikasema, "La nyumbani." Akanishona. Mkono ulipona ukaweza kuinuka mpaka kimo cha kifua, hapo ukagoma. Mpaka leo nywele zangu nasukwa, sijisuki.

Nilitoka shule darasa la saba sijamaliza, maana mkono ule ndio ulioandika, na vidole vyake havikurudi kusikia vizuri. Kushika kalamu na wa kushoto nilijifundisha baadaye sana, na ndio unaokuandikia haya.

Nataka nikuambie Umau alivyonikemea, kwa sababu alinikemea mara moja tu. Ilikuwa miezi baadaye. Alikuwa ananifundisha kufunga mukwa kwa mkono mmoja, ameufunga mwenyewe kwanza kwenye kigogo ili nione, wanaume wengine wakimcheka kwamba amekuwa mwanamke wa maji. Hakuwajali. Nilipoweza, nikamwambia yote: kuni, Kalekye wakwa, saa niliyoitaja, paja. Nikangoja anipige.

"Kwa kumwambia saa," akasema, "sina hasira na wewe. Msichana akiitwa jina zuri, mdomo hufunguka. Hiyo ni dunia. Hasira yangu ni hii: ulimwona Syombua amesimama mbele ya mshale, akakuuliza unafukuzwa na nini, ukasema hakuna. Ungekuwa umemzika leo kwa neno hilo." Halafu akaongeza, akinikazia mukwa vizuri, "Na mimi nilisema jembe. Kwa hiyo tuko wawili. Usimwache mtu wa tatu aongezeke."

Akafa miaka minne baadaye, bado anangoja Kimanthi aje avuke mto na kusema neno moja. Kimanthi hakuja hata kumzika.

Ningekaa kimya mpaka kaburini, mwanangu, kama si matanga ya mwezi wa nane mwaka jana. Jirani yetu alifariki, na Kimanthi akaja kutoka mji wa Wote. Ana shamba la maembe huko, koti zuri, ni mzee wa kanisa, aliombwa aongoze maombi na aliomba vizuri, siwezi kukataa. Baada ya chakula vijana walimzunguka. Wewe ulikuwa mmoja wao. Mlimuuliza mambo ya kuwinda, naye akawaambia, nikiwa viti vitatu kutoka kwake, "Enzi zetu tandala alikuwa anapigwa alfajiri, kwa maji. Anakuja mwenyewe! Unakaa tu. Na hatukuwahi kuumiza mtu."

Mlicheka. Halafu akaniona, akaja kunisalimia, akanyoosha mkono. Nikampa wa kushoto. Akasema mbele ya watu, kwa utani, "Dada, siku hizi salamu ni za kushoto?" Chai yangu ikapoa mezani. Syombua alikuwa kando yangu, mzee sasa, na alinikamata goti chini ya meza akalikamata mpaka yule mtu akaondoka.

Wiki ile ile ukaja kuniuliza, "Mama, ni kweli alfajiri ndiyo saa nzuri?" Najua mnaenda mtoni na pikipiki na tochi. Najua mashimo ya maji bado yapo, maana mvua bado ni ile ile ya kupita juu. Na najua wasichana bado wanatangulia wengine ili wapate maji meupe.

Basi sikia jibu langu. Kuwinda kumekatazwa, na tandala waliobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole. Waache wanywe waende. Hilo ni la kwanza, na ungelisikia hilo tu ningelala vizuri. Lakini najua vijana, kwa hiyo naongeza la Umau: hakuna saa nzuri mahali ambapo watu wanachota maji. Usirushe kitu, iwe ni mshale, iwe ni jiwe, iwe ni neno, wakati mwanga haujakuonyesha aliyeko mbele. Anayekuambia alfajiri ni rahisi, muulize ni rahisi kwa nani. Ukipewa siri, iangalie kwanza kama ina mtu amesimama mbele yake. Ikiwa naye, siri hiyo haikufungi, piga kelele hata kama utachukiwa na unayempenda. Na ukikosea, mwanangu, maana utakosea, kimbia kuja. Mtu akilia kwa sababu yako, kimbia kuja. Kosa la mkono watu husamehe. Kosa la miguu mimi sijui husamehewa vipi.

Mungu akupe macho ya mchana. Akupe mdomo unaofunguka kwa wakati. Maji yako yawe meupe, na anayekutangulia kisimani arudi nyumbani salama kabla yako na baada yako.

Na wewe Kimanthi wa Ndunda, haya utasomewa, maana nimemwomba kijana wangu ayafikishe Wote. Sikuiti kwa wazee, wazee nimeshawaona. Sitaki mbuzi wa kunitakasa, sitaki uniombee. Njoo hapa nyumbani, mchana, Syombua akiwa bado na masikio, na hawa vijana uliowachekesha wakiwa wamekaa. Uniambie mshale wa nani ule. Halafu unijibu swali moja ambalo nimelilalia tangu nikiwa na miaka kumi na sita: wewe uliyeniambia nisiende mapema, ulipotusikia tukilia, ulipogeuka ukakimbia, ulijua ni mimi?